Simba Ameingia Zizini: Unachoruhusiwa na Usichoruhusiwa Kufanya Kwenye Shamba Lako



Karatasi hii ni ya nyumba nzima: mzee mwenye mifugo, mama anayehesabu mbuzi jioni, na vijana wanaochunga. Anayejua kusoma awasomee wengine.

Asubuhi moja nilipigiwa simu na mama mmoja mjane hapa Kajiado. Mbuzi wake tisa walikuwa wameuawa usiku. Nilifika saa nane mchana. Nyama ilikuwa imegawiwa majirani, ngozi zimeuzwa kwa mnunuzi aliyepita na pikipiki, na zizi limefagiliwa likawa safi. Mama alikuwa anasema kweli, sikuwa na shaka. Lakini fomu ya madai haiulizi kama namwamini. Inauliza ni mnyama gani aliyeua na ushahidi uko wapi. Mimi ningeandika nini? Dai lake halikufika mbali.

Sehemu ya kosa ilikuwa yangu. Aliponipigia simu sikumwambia, "Mama, usiguse kitu." Leo nawaambia nyote.

SHAMBA NI LAKO, MNYAMA SI WAKO

Mashamba mengi ya jumuiya yamegawanywa, na familia nyingi sasa zina hatimiliki. Wengine hudhani hati hiyo inahusu pia swala, pundamilia na simba wanaopita humo. Si hivyo. Hati ni ya ardhi.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendeleza marufuku hayo. Kuwinda kwa ajili ya sufuria ya nyumbani ni kosa, hata kama ni swala mmoja, hata kama ni ndani ya uzio wako. Kuwinda ili kuuza nyama ni kosa zito zaidi. Mnyama anayesumbua watu hushughulikiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Wao ndio wenye mamlaka ya kumfukuza, kumnasa na kumhamisha, au kumuua pale njia nyingine zimeshindikana.

Wewe unaruhusiwa kujenga uzio, kuwasha taa, kufuga mbwa, kupiga kelele na kumfukuza mnyama. Na uhai wa mtu ukiwa hatarini, sheria inatambua kujitetea. Ikitokea hivyo, piga ripoti mara moja. Usifiche mzoga wala usichukue ngozi, kucha au meno.

Wazee huniuliza, "Daktari, simba ana thamani kuliko ng'ombe wangu?" Ni swali la haki. Ng'ombe ni karo ya shule, ni mahari, ni maziwa ya watoto. Kazi yangu ni mifugo, na mzoga wa ng'ombe unaniuma. Lakini tuangalie tulichopata kwa mkuki. Mwaka 2012 huko Kitengela, simba sita waliuawa baada ya kuvamia mifugo. Mwezi wa Mei 2023, karibu na Amboseli, simba mzee aitwaye Loonkiito, mwenye miaka 19, aliingia bomani akitafuta chakula akauawa kwa mikuki. Siku chache baadaye simba wengine sita waliuawa eneo hilohilo baada ya kuua mbuzi. Katika visa hivyo vyote, hakuna mbuzi aliyefufuka. Zizi lililo wazi hubaki wazi, na simba au fisi mwingine hulipata.

DAI LAKO LINAANZA KWENYE ZIZI

Sheria hiyo ya 2013 inampa mfugaji haki ya kudai fidia mifugo ikiuawa na wanyama waliotajwa ndani yake. Simba, chui, fisi na duma wamo. Dai hupelekwa kwa kamati ya fidia ya kaunti, ambayo hulichunguza na kutoa mapendekezo yake. Sitakudanganya: malipo huchelewa, na wengi wamesubiri muda mrefu.

Lakini kuna kifungu ambacho wengi hawajawahi kusomewa: mfugaji ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mifugo yake halipwi. Kwa hiyo afisa akifika ataangalia mzoga, kisha atainua macho aangalie zizi.

Wafugaji wa Mbirikani wanalijua jambo hili. Mfuko wao wa kufidia mifugo ulianza mwaka 2003, na una kanuni kama hiyo: zizi likiwa bovu, au mnyama akiwa ameachwa nje usiku, malipo hupungua.

Zizi zuri liwe hivi:

1. Ukuta upite kimo cha mtu mrefu. Ukiwa wa miiba, uwe mnene kiasi kwamba ukiwa nje huoni mifugo. Ukiwa wa seng'enge ya wavu, chini ifukiwe au iwekewe mawe, maana fisi huchimba.

2. Mlango uwe imara kama ukuta. Tawi la mwiba lililovutwa ovyo si mlango.

3. Ukuta usukumwe kwa nguvu kutoka ndani uone kama utahimili. Mara nyingi simba haruki kuingia. Hunguruma au huleta harufu yake kutoka upande wa upepo, ng'ombe wakaingiwa na hofu, wakavunja zizi wenyewe na kumfuata nje.

4. Ndama na wana-mbuzi walale katika zizi dogo la ndani. Kama chui ni wengi kwenu, lifunikwe juu.

5. Taa za kumetameta husaidia. Zilibuniwa na kijana wa Kitengela, Richard Turere, alipokuwa bado mtoto anayelinda ng'ombe wa baba yake. Aligundua kwamba simba haogopi taa iliyosimama mahali pamoja, anaogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha balbu za tochi na betri ziwake kwa zamu, kama kwamba mtu anazunguka boma. Lakini taa haizibi mwanya. Rekebisha ukuta kwanza.

Hesabu mifugo kila jioni kabla ya giza. Mnyama aliyepotea malishoni akilala nje ana hatari kubwa kuliko aliye kwenye zizi bovu. Mchungaji mtoto asipewe kundi kubwa peke yake vichakani.

SUMU INARUDI NYUMBANI

Najua wapo wanaopaka mzoga dawa ya wadudu wa shambani ili simba afe. Nawasihi, acheni. Pamoja na kuwa ni kosa la jinai, sumu haichagui. Fisi hula, mbwa wako hula, tai hula. Mvua ikinyesha, mabaki yanaweza kuingia bwawani ambako ng'ombe wako wanakunywa. Mtoto akishika mzoga huo kisha akashika chakula, anaweza kufa.

Wafikirie tai peke yao. Hao humaliza mzoga kwa muda mfupi kabla haujaoza, na mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuwaua kwa makumi. Wakiisha, mizoga hukaa siku nyingi, na mbwa na fisi huzidi. Ukiona mzoga na kando yake tai waliokufa, au nzi wengi waliokufa juu yake, usiguse. Zuia watoto na mbwa, piga simu.

Mitego ya nyaya nayo hainasi swala tu. Nimeshona miguu ya ng'ombe walionaswa na mitego ya majirani zao.

ASUBUHI BAADA YA SHAMBULIO

1. Usihamishe mzoga, usiuchune, usifagie. Weka matawi ya miiba au turubai juu yake ili mbwa na ndege wasiuharibu.

2. Funika nyayo nzuri mbili au tatu kwa sufuria au karai.

3. Kama una simu ya kamera, piga picha: mzoga mzima, majeraha, alama ya sikio au chapa, nyayo pamoja na kiberiti kando ili ukubwa uonekane, na mahali mnyama alipopitia.

4. Piga simu kituo cha KWS kilicho karibu, chifu, na afisa wa mifugo. Fanya hivyo siku hiyohiyo. Andika saa uliyopiga na jina la aliyekujibu.

5. Jaza fomu ya madai na ubaki na nakala.

Afisa ataangalia kwanza kama mnyama aliuawa, au alikufa kwa ugonjwa kisha akaliwa. Aliyeumwa akiwa hai huwa na damu iliyovia chini ya ngozi pale meno yalipoingia. Aliyeliwa akiwa amekwisha kufa hana. Tena ataangalia alama:

Simba: huuma koo, shingo au pua. Nyayo ni pana na kucha hazionekani.

Chui: huuma koo, huacha mikwaruzo ya kucha begani, na huweza kuburuta mbuzi mbali au kumpandisha mtini.

Fisi: hurarua tumbo, mapaja na kiwele, huvunja mifupa. Kucha huonekana kwenye nyayo, na nyayo za mbele ni kubwa kuliko za nyuma.

Duma: huua zaidi mchana, malishoni. Huuma koo. Kucha huonekana kwenye nyayo.

Mbwa wa kufugwa: huuma wengi miguuni na masikioni, hula kidogo. Hapo hakuna fidia ya wanyamapori. Funga mbwa wako usiku.

ONYO: Kama mzoga umevimba haraka na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, huenda ni kimeta. Usiufungue, usile nyama. Niite. Na mtu akiumwa na mbweha, fisi au mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mfikisheni hospitalini siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

KUMBUKA

Hatimiliki haikupi ruhusa ya kuwinda, lakini sheria hiyohiyo inakupa haki ya kudai. Haki hiyo ina miguu miwili: zizi ulilojenga kabla, na mzoga usioguswa asubuhi. Mguu mmoja ukikosekana, dai halisimami.

Yule mama sasa ana zizi la wavu lililojengwa na wanawe. Namba yangu ameiandika kwa mkaa ukutani, na chini yake ameandika: usiguse kitu.

MASWALI YA KUJADILI JIONI

1. Tukisukuma ukuta wa zizi letu usiku huu, utavunjikia wapi?
2. Nani nyumbani ana namba ya KWS na ya chifu? Akisafiri, nani mwingine anayo?
3. Mbuzi akiuawa leo, nani atazuia majirani wasichune?