Kompyuta Inapokataa Kusoma Diski

Ndugu mkazi wa kata, huenda siku moja ukakabidhiwa diski yenye mihutasari ya mikutano ya kijiji, hesabu za kikundi au orodha ya michango ya ujenzi wa darasa. Unaichomeka kwenye kompyuta, na badala ya mafaili linajitokeza tangazo kwamba diski hiyo sharti ifomatiwe kabla ya kutumika. Chini ya tangazo vipo vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kughairi. Somo hili linahusu kitufe cha kughairi, na mambo ya kufanya baada ya kukibofya.

Kufomati ni kuiandalia diski mpango mpya wa kuhifadhi mafaili. Kila diski ina orodha yake, mfano wa leja ya ghala, inayoonyesha mzigo upi umewekwa wapi. Fomati ya haraka huiondoa leja hiyo na kufungua nyingine tupu; mizigo hubaki ghalani bila anayejua ilipo, mpaka ifunikwe na mizigo mipya. Fomati kamili ni jambo zito zaidi. Katika Windows, tangu toleo la Vista, huandika sifuri kuanzia mwanzo hadi mwisho wa diski, na baada ya hapo fundi hana cha kurudisha.

Kwa nini basi kompyuta ipendekeze jambo la hatari namna hiyo? Sababu ni kwamba kila mfumo endeshi una leja yake. Windows hutumia NTFS, iliyoanza mwaka 1993, pamoja na aina kongwe ya FAT32. Kompyuta nyingi za Linux hutumia ext4, iliyokamilika mwaka 2008. Kompyuta za Apple zilitumia HFS+ tangu 1998, na kuanzia 2017 zikahamia APFS. Windows peke yake haisomi ext4, wala haisomi leja hizo mbili za Apple. Ikikutana nazo huona diski isiyo na leja inayoitambua, ikahitimisha kwamba haijaandaliwa.

Kwa maoni yangu tangazo lile limetungwa vibaya, kwani kompyuta inaungama kutojua kwake kana kwamba ni kasoro ya diski. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, uliandikwa kwa khati hiyo. Aliyefundishwa herufi za Kirumi pekee akipewa mswada wa namna ile hatambui hata neno moja, ingawa lugha ni yake. Hata hivyo hatasema karatasi hiyo ni tupu, wala hataomba ioshwe ili apate pa kuandika.

Baada ya kughairi, muulize aliyekukabidhi diski ilitumika mara ya mwisho katika kompyuta ya aina gani. Mara nyingi jibu hilo peke yake humaliza shauri: irudishe kwenye kompyuta ya aina ile ile, nakili mafaili, kazi imekwisha. Ikiwa mwenyewe hajulikani, fungua sehemu ya Windows ya usimamizi wa diski na utazame tu, bila kubadilisha kitu. Diski ikionekana na ukubwa wake halisi, lakini jina la mfumo wa faili halipo au limeandikwa RAW, yawezekana iliandaliwa na mfumo mwingine, ingawa leja iliyoharibika nayo huonekana hivyo hivyo. Isipoonekana kabisa, au ikitoa mlio wa kugongagonga, huo ni ugonjwa wa chombo chenyewe. Izime na umpelekee fundi.

Njia isiyo na gharama kubwa ni Linux. Mfumo kama Ubuntu huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi kwa chaguo la kujaribu, bila kusakinishwa na bila kugusa Windows iliyomo. Hapo husoma ext4, NTFS, FAT32 na kwa kawaida HFS+. Amri ya lsblk -f itakuonyesha jina la leja ya kila diski. APFS ndiyo yenye ukaidi; kwa hiyo ni heri kutafuta kompyuta ya Apple. Kompyuta ya Apple nayo husoma NTFS lakini, kwa hali yake ya kawaida, haiandiki juu yake. Kwa shabaha yetu hilo si tatizo, maana tunataka kunakili tu.

Wakati wa kunakili, vikwazo viwili huwashangaza watu. Diski ya ext4 hukumbuka mwenye kila faili, hivyo unaweza kuambiwa huna ruhusa. Faili halijaharibika, bali linahitaji kunakiliwa na msimamizi wa kompyuta. Pili, Linux hukubali jina lenye nukta mbili au alama ya kuuliza, na huhesabu «Kikao» na «kikao» kuwa mafaili mawili. Windows haikubali hayo. Badilisha majina kwanza, la sivyo faili moja laweza kulifunika jingine.

Kadi ya simu inahitaji tahadhari ya pekee. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu humruhusu mtumiaji kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Ukikubali, kadi husimbwa kwa njia fiche na ufunguo hubaki ndani ya simu. Kompyuta itakayopewa kadi hiyo huweza kuomba kuifomati, na hakuna Linux wala Apple itakayoisoma. Picha zitolewe kupitia simu yenyewe, kabla haijauzwa au kurudishwa katika hali ya kiwandani.

Nakala zikishapatikana, fungua mafaili kadhaa uhakikishe yanasomeka. Ndipo diski ya kuzungushwa kati ya ofisi ifomatiwe kwa exFAT, ambayo Windows, Apple na Linux za miaka ya karibuni huisoma na kuiandika. FAT32 hufaa kwa kompyuta kongwe zaidi, ila haipokei faili moja linalofikia GB 4, na video ya mkutano mrefu hupita hapo. Udhaifu wa exFAT ni kwamba haina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS au ext4. Ikichomolewa kazi ikiendelea, leja yake huweza kuharibika. Kabla ya kuichomoa, iagize kompyuta iiachie diski, na usubiri ikubali.