Mlezi Anayejibu: Somo juu ya Watoto Wadogo na Televisheni

Soma kwanza: Kutoka 2:1-11, kisha Ruthu 4:13-17.



Habari ya Musa kuwekwa katika kisafina cha mafunjo twaijua sote tangu shule ya Jumapili, lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo twalipita upesi. Ni habari ya mshahara. Binti Farao alipomwona mtoto analia, dada yake mtoto alisogea akajitolea kumtafutia mlezi, akaenda akamwita mama yule yule aliyemzaa. Binti Farao akamkabidhi mtoto na kuahidi kumlipa ujira wake. Basi hapa twamkuta mama anayelea mtoto nyumbani kwake, kwa fedha, kwa niaba ya mwanamke mwingine. Jina lake ni Yokebedi (tazama Kutoka 6:20).

Biblia haisemi alikaa naye miaka mingapi. Desturi ya zamani ilikuwa kumnyonyesha mtoto muda mrefu. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo chamtaja mama aliyenyonyesha miaka mitatu. Hata tukisema mitatu au minne, ni michache. Baada ya hapo Musa alipelekwa katika jumba la Farao, na Matendo 7:22 yatuambia kuwa alifundishwa elimu yote ya Wamisri. Lakini tazama mstari wa 11 wa sura yetu: alipokuwa mtu mzima alitoka akawaendea ndugu zake, akaona mateso yao. Alijuaje kuwa wale watumwa ni ndugu zake? Maandiko hayatuelezi. Mimi kwa upande wangu siamini kwamba alifundishwa hayo na walimu wa Farao. Naamini neno hilo lilipandwa katika ile miaka michache, kwa sauti ya mlezi aliyempakata.

Sasa tuje kwetu. Hapa Karatu kina Yokebedi ni wengi. Mama anayefanya usafi katika hoteli ya wageni hutoka nyumbani kungali giza. Mwingine ni mwalimu, mwingine huchuma kahawa katika mashamba ya Oldeani, mwingine huenda Mang'ola wakati wa vitunguu, mwingine huuza nguo mnadani. Akina baba waendeshao magari ya watalii huwa porini siku nyingi mfululizo, na wale waliopata kazi katika hoteli za ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro mara nyingi hulala huko huko. Bibi yuko kijijini, Mbulumbulu au Endabash, na ana shamba lake. Basi mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupelekwa kwa mama jirani, ambaye amepokea watoto watano au sita sebuleni kwake. Asubuhi wanaletwa na uji wao katika chupa, jioni wanachukuliwa. Na katika sebule nyingi za namna hiyo televisheni huwashwa mtoto wa kwanza anapoingia, na huzimwa wa mwisho anapotoka.

Tusiwe wepesi kumlaumu mama huyo. Ana jiko la mkaa linalowaka, ana ndoo ya maji ya moto, ana mtoto mmoja anayeharisha na mwingine anayelia. Nyumba iko karibu na barabara kuu ipitayo magari ya watalii kwenda lango la Lodoare. Miezi ya Juni na Julai kuna baridi na ukungu, huwezi kuwatoa watoto nje mapema. Akiwasha katuni wote hukaa kimya, wala hakuna anayelikaribia jiko. Nani kati yetu, akiwa peke yake na watoto sita, asingejaribiwa kufanya hivyo?

Wazee watakumbuka kwamba sisi wa Bara tulichelewa kupata chombo hiki. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Bara vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo tulikuwa na redio, na watoto wengi walikua wakimsikiliza Mama Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania. Kipindi kilikuwa na saa yake, kikiisha kimeisha, mtoto anarudi kucheza. Televisheni ya leo haina mwisho wa namna hiyo. King'amuzi huleta katuni mchana kutwa, na king'amuzi kikikosa malipo, kuna simu.

Tunapozungumza habari hii kanisani, kwa kawaida tunazungumzia picha mbaya: uchi, ugomvi, uchawi. Ni kweli, mambo hayo hayafai. Lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu hatari kubwa iko mahali pengine, nayo haionekani hata kama picha zote ni safi. Hatari ni kwamba televisheni husema lakini haijibu.

Mtoto mchanga hujifunza kusema kwa kubadilishana. Yeye husema “ba”, mlezi humtazama na kumjibu, “Ee, baba ameenda kazini.” Mtoto huonyesha kuku kwa kidole, mlezi hutaja kuku. Mara mia kwa siku jambo hili hutokea, tena bila mtu kulifikiri, na kwa njia hiyo neno huingia pamoja na imani kwamba nikiita naitikiwa. Mtoto akiionyesha televisheni kitu kwa kidole, televisheni huendelea na mambo yake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2003 mtaalamu mmoja wa Marekani, Patricia Kuhl, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio lao la huko Seattle. Walichukua watoto wa miezi tisa hivi, wa nyumba zinazosema Kiingereza, wakawapa vipindi 12 vya kusikia Kichina. Kundi moja lilikaa na mtu hasa, aliyewasomea na kucheza nao. Kundi jingine liliona na kusikia watu wale wale, kwa maneno ya namna ile ile, lakini katika televisheni. Baadaye wale waliokaa na mtu waliweza kutofautisha sauti za Kichina vizuri. Wale wa televisheni walikuwa sawa na watoto ambao hawakupata kusikia Kichina hata siku moja. Walitazama, tena picha ziliwavutia, lakini hawakupata kitu. Fikiri, ndugu msomaji: maneno ni yale yale, kilichokosekana ni mtu tu.

Kuna na jambo la pili, ambalo nafikiri ndilo la kuangaliwa zaidi katika sebule ya mlezi. Televisheni huwanyamazisha hata watu wazima. Wachunguzi wa huko huko Marekani waliwatazama wazazi wakiwa na watoto wao wadogo katika chumba, mara televisheni ikiwa imewashwa kwa ajili ya wakubwa, mara ikiwa imezimwa. Ilipowashwa, wazazi walisema na watoto maneno machache zaidi. Na mwaka 2008 ilitangazwa kwamba watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu waliokuwa wakichezea vitu vyao, huku televisheni inasema kando, waliviacha upesi zaidi na kuhamia vingine, ingawa wenyewe hawakuitazama sana. Kwa hiyo mama anayesema, “Hii si ya watoto, ni tamthilia yangu tu,” na ajue kwamba mtoto aliye sakafuni anapungukiwa nayo pia.

Je, tuiondoe kabisa? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwezi Aprili 2019. Mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya televisheni wala simu kabisa. Wa mwaka mmoja, haishauriwi. Wa miaka miwili mpaka minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora. Mwongozo huo huo wataka watoto kuanzia mwaka mmoja wapate saa tatu za kucheza na kujongea kila siku, na wale wa miaka mitatu na minne walale kati ya saa 10 na 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wasema hata mtoto asifungwe mgongoni zaidi ya saa moja kwa mara moja. Hapo bibi zetu watacheka, nami nawaachia wajibu wenyewe.

Kwa walio wakubwa kidogo, miaka minne na mitano, tusiseme kwamba hakuna faida. Pale Dar es Salaam shirika la Ubongo limetengeneza katuni za kufundisha, Ubongo Kids tangu mwaka 2014 na baadaye Akili and Me kwa wadogo zaidi. Uchunguzi uliofanywa Morogoro na kutangazwa mwaka 2018 uliwaona watoto wa shule za awali walioitazama Akili and Me wakiendelea vizuri zaidi, kwa mfano katika hesabu, kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Kipindi cha namna hiyo, kwa nusu saa, mlezi akikaa nao na kuuliza “Huyu ni mnyama gani? Wako wangapi?”, ni msaada. Kikiisha, izimwe. Lakini yule wa mwaka mmoja aliyelala kwenye mkeka chumba hicho hicho hakipati chochote, kwa hiyo nusu hiyo ya saa ni heri achukuliwe nje.

Wengine husema kwamba kulelewa na mtu asiye mama ni ugonjwa wa mjini, na televisheni ni adhabu yake. Sikubali. Tazameni hapo chini tu, kando ya Ziwa Eyasi, ndani ya wilaya yetu. Wahadzabe wamechunguzwa sana na wataalamu. Mwaka 2008 Alyssa Crittenden na Frank Marlowe waliandika juu ya malezi yao. Waliona kwamba mtoto mchanga hushikwa zaidi na mama yake, lakini pia hupakatwa na bibi, baba, dada, na hata watu wasio wa ukoo. Akiisha kuacha kunyonya, mama aendapo kuchimba mizizi, mara nyingi mtoto hubaki kambini pamoja na kundi la watoto wakubwa na wadogo. Huko ndiko kulelewa mchana kwa kale. Hakuna sebule wala katuni, bali kuna watu wengi wanaomjibu. Naomi naye, katika somo letu la pili, alimpokea Obedi kifuani akawa mlezi wake, na majirani wanawake ndio waliompa mtoto jina. Mtoto alikuwa wa Ruthu, lakini mtaa mzima ulikuwa na kauli juu yake.

Kwa hiyo kuwa na mlezi si aibu. La kuuliza ni je, mlezi ana mikono mingapi na watoto wangapi, na sisi twamlipa kwa kazi gani? Hapa wazazi tuna la kujibu. Twachagua nyumba yenye televisheni kubwa tukidhani ni maendeleo. Twamlipa mama huyo fedha kidogo, tena kwa kuchelewa, hata analazimika kupokea watoto wanane ili apate kula. Kisha twashangaa kwamba mtoto hasemi. Binti Farao hakumwambia Yokebedi amlee kwa hisani.

Yako mambo yanayowezekana. Msichana aliyemaliza shule na hana kazi aweza kumsaidia mlezi saa za asubuhi, wakati wa kupika, ambapo ndipo televisheni hutumika zaidi. Wazazi watano wakichanga, posho yake itapatikana. Jiko laweza kuzungushiwa uzio wa mbao. Mlezi aweza kusema na watoto huku akichambua mchicha au kumenya viazi, akitaja kila anachoshika. Na aseme lugha anayoimudu. Kama ni Kiiraqw, aseme Kiiraqw, kwa maana lugha iliyojaa mdomoni mwa mlezi ina faida kuliko Kiswahili cha katuni ambacho hakimwelekei mtoto. Kiswahili watakipata, wala hawatakikosa. Michezo ya ukuti, vitendawili, kokoto za kuhesabu, gunzi la kufanywa mwanasesere, hivi vyote havihitaji umeme.

Mlezi anayepokea watoto wengi akumbuke pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndiye wa kuulizwa. Asimwogope, tangu Desemba 2021 serikali ina programu ya taifa ya malezi ya watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane, na walezi ni watu wanaohitajika ndani yake.

Maswali ya kuzungumza katika Umoja wa Akina Mama na katika vikundi vya nyumbani:

Ni akina nani katika mtaa wetu wanaolea watoto wa wengine, na lini kanisa liliwatembelea mara ya mwisho?

Mtoto wako anapochukuliwa jioni, je, mlezi aweza kukueleza jambo moja ambalo mtoto alisema au alifanya siku ile? Na wewe humwuliza?

Kule nyumbani, mkiwa mmerudi kazini mmechoka, televisheni huwashwa kabla au baada ya kusalimiana na mtoto?

Wadhamini wa ubatizo, mliahidi kumwangalia mtoto akue katika imani. Je, mwajua yuko sebule ya nani saa nne asubuhi?

Swali la mwisho ni la akina baba peke yao: malipo ya mlezi ya mwezi huu yametolewa?