Kodineti za Pamoja: Michoro Mingi, Jengo Moja



Tawi letu moja katika kiwanda cha chai, magharibi mwa Uganda, lilituletea swali ambalo halikuweza kujibiwa kwa barua fupi. Vibarua sita walichimba shimo la msingi wa bomba la moshi la nyumba mpya ya boila. Walichimba pale pale palipopigwa vigingi. Siku ya nne akaja mhandisi, akatazama, akasema shimo haliko mahali pake. Mnyapara akawaambia wafukie na kuchimba upya, na kwamba zile siku tatu za kwanza hazitalipwa kwa sababu kazi "imeharibika".

Swali la tawi lilikuwa: nani aliyeharibu? Ilibidi nisafiri mpaka huko, nikae na michoro kwa siku mbili, na mwisho nikakuta kwamba kosa halikuzaliwa shimoni wala kwenye kamba. Lilizaliwa ndani ya kompyuta, wakati michoro miwili ilipounganishwa. Kwa kuwa viwanda na mashamba yetu mengi sasa yanajengewa michoro ya namna hiyo, yafaa tujifunze jambo hili kwa utaratibu.

Zamani mchoro wa jengo ulikuwa karatasi. Msanifu majengo alichora kuta, mhandisi akachora nguzo na nondo, fundi mabomba akachora mabomba yake, na ukitaka kujua kama vinapatana uliweka karatasi nyembamba moja juu ya nyingine dirishani. Programu ya AutoCAD ilipotoka mwaka 1982 kazi hiyo ilianza kuhamia kwenye kompyuta. Siku hizi programu nyingi, kama vile Revit, hazichori mistari tu, hujenga jengo zima ndani ya kompyuta, ukuta ukiwa na unene wake na bomba likiwa na kipenyo chake. Lakini bado kila mtu ana faili lake. Msanifu ana lake, mhandisi ana lake, mpima ardhi ana lake. Mafaili hayo huungwa pamoja ili kila mmoja aone kazi ya mwenzake bila kuichafua. Mchoro wa namna hiyo twauita mchoro uliounganishwa.

Sasa basi, kompyuta itajuaje kwamba kona ya ukuta katika faili la msanifu ndiyo ile ile kona katika faili la mpima ardhi? Haijui. Lazima iambiwe. Na njia ya kuiambia ni nambari mbili: umbali wa kwenda mashariki na umbali wa kwenda kaskazini kutoka mahali palipokubaliwa. Vitabu vya shule huita nambari hizo majiranukta. Wapimaji huziita kodineti, nasi tutatumia neno hilo. Ya tatu ni kimo, nayo tutaifikia.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Msanifu hapendi nambari kubwa. Yeye huanza na kona moja ya jengo, akaiita sifuri na sifuri, na hugeuza jengo likae sawa kwenye kioo cha kompyuta, hata kama uwanjani limekaa mshazari. Upande wa juu wa kioo chake twauita kaskazini ya mradi. Mpima ardhi hana uhuru huo. Yeye hufuata kodineti za nchi nzima na kaskazini ya kweli. Kona ile ile ambayo msanifu ameiita sifuri, mpima ataiandika mashariki mita 200,350 na kaskazini mita 72,400. (Nambari nimezilainisha kidogo ili hesabu iwe nyepesi, lakini ndizo za ukubwa unaopatikana upande ule.)

Mtu atauliza: kwa nini msanifu asichore moja kwa moja kwa nambari za mpima, mambo yakaisha? Nami niliuliza hivyo. Sababu ni kwamba kompyuta huhesabu kwa tarakimu zenye kikomo. Ukichora vitu vidogo mbali sana na sifuri yake, mistari huanza kutetemeka, duara likawa na pembe, vitu vilivyogusana vikaachana. Katika Revit chanzo cha ndani, yaani sifuri ambayo haisogei kamwe, kinataka jengo liwe ndani ya maili 10, takriban kilomita 16. Kona yetu, kwa nambari za mpima, ingekuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka sifuri. Kwa hiyo jengo huchorwa karibu na chanzo, kisha hufundishwa kwamba mahali hapa panapoitwa sifuri, kwa lugha ya nchi panaitwa 200,350 na 72,400, na kwamba kaskazini ya mradi imegeuka nyuzi kadhaa kutoka kaskazini ya kweli. Mafunzo hayo, yakigawiwa kwa mafaili yote, ndiyo kodineti za pamoja. Hakuna kinachosogezwa. Jengo limepewa anwani tu.

Turudi kwenye bomba letu la moshi. Mchoro wa msanifu ulisema katikati ya msingi wake ni mita 12 mashariki na mita 5 kaskazini ya kona. Lakini "mashariki" na "kaskazini" hizo zilikuwa za jengo. Jengo lenyewe, kwa sababu ya mteremko na barabara ya malori, limegeuzwa nyuzi 30, yaani kaskazini yake imeelekea upande wa mashariki kwa nyuzi hizo. Faili la msingi liliungwa na la mpima kwa njia ya chanzo juu ya chanzo. Kona ikakaa juu ya kona, kila mtu akaridhika. Hakuna aliyekumbuka ule mgeuko. Tena msingi wa bomba ni wa duara, na duara ukiligeuza halionyeshi kwamba limegeuka. Ungekuwa wa mraba labda mtu angeona.

Basi kompyuta ikatoa nambari za mpima hivi: 200,350 ongeza 12, yaani 200,362, na 72,400 ongeza 5, yaani 72,405. Vigingi vikapigwa hapo.

Nambari za haki ni hizi. Kwa mgeuko wa nyuzi 30, zile mita 12 za jengo huwa mita 10.392 kwenda mashariki ya kweli na mita 6 kwenda kusini. Zile mita 5 huwa mita 2.5 mashariki na mita 4.330 kaskazini. Jumlisha: mita 12.892 mashariki, na mita 1.670 kusini. Kwa hiyo shimo lilipaswa kuwa 200,362.892 na 72,398.330. Toka shimo lililochimbwa mpaka mahali pa haki ni mita 6 na sentimita 73.

Nilipouliza kama hakuna aliyehakiki, msimamizi alinijibu kwa hakika kabisa kwamba walipima kwa tepu kutoka konani wakapata mita 13 kamili, kama mchoro unavyosema. Alisema kweli. Pembetatu ya 5 na 12 ina mshazari wa 13, nayo ukiigeuza nyuzi 30 au nyuzi 100, mshazari unabaki 13. Ukipima kutoka sehemu moja tu, utapata jibu sahihi kwa shimo lisilo sahihi. Ni kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi: kamba inakuambia yuko umbali gani, haikuambii yuko upande gani. Angepima na kutoka kona ya pili ya ukuta ule ule, iliyo mita 24 upande wa magharibi wa jengo, angetakiwa kupata mita 36 na sentimita 35. Angepata mita 33 na sentimita 52. Kazi ya dakika kumi, na watu sita wasingechimba bure.

(Kibarua mmoja, tena mzee, aliniambia alishangaa tangu siku ya kwanza kwa nini boila itakaa kule na moshi utokee huku. Alimwambia mnyapara. Akaambiwa achimbe.)

Utaratibu unaofaa ni upi? Ofisi inayofanya vizuri huchagua faili moja kuwa mama, na kwa kawaida ni la kiwanja, lile lenye kazi ya mpima. Faili la jengo huungwa ndani yake, likasogezwa na kugeuzwa kwa mkono mpaka kona mbili, si moja, zikae juu ya kona mbili za mpima. Kisha mama hulipa faili hilo kodineti zake. Au kinyume chake: ukiwa ndani ya faili la jengo, unaliunga faili la mpima na kupokea kodineti kutoka kwake. Kutoa na kupokea ni amri mbili tofauti, na wengi huzichanganya. Baada ya hapo kila faili jingine huungwa kwa kodineti za pamoja, na kila kitu huenda mahali pake chenyewe. Faili ambalo halijafundishwa, programu hutoa onyo kwamba halina kodineti hizo. Tatizo ni kwamba onyo lina kitufe cha kulifunga, na mwanadamu hupenda kubonyeza. Mwisho, faili lililokaa sawa hupigwa pini lisisogezwe kwa bahati mbaya.

Faida kubwa huonekana kwenye nyumba za wafanyakazi mashambani. Nyumba ni ya aina moja, zinajengwa 20 kwa mstari. Hakuna haja ya kuichora mara 20. Faili moja la nyumba huungwa mara 20 ndani ya kiwanja, na kila mahali hupewa jina lake na kodineti zake. Ukirekebisha dirisha katika faili moja, nyumba zote 20 zimerekebishwa. Ukikosea choo, vyoo vyote 20 vimekosewa.

Kimo nacho kina mambo yake. Ujerumani na Uswisi zilijenga daraja juu ya mto Rhine huko Laufenburg, kila nchi ikianza upande wake. Ujerumani hupima kimo kwa usawa wa bahari wa Amsterdam, Uswisi hufuata ule wa Marseille, na tofauti yao ni sentimita 27. Wahandisi walilijua hilo. Lakini waliporekebisha waliweka alama ya kutoa badala ya kujumlisha, na mwaka 2003 ikaonekana pande mbili zimepishana kwa sentimita 54. Hao ni watu wenye vyuo na mashine za kila aina. Basi asidharauliwe kibarua.

Na kwetu je? Ramani za zamani za Uganda, Kenya na Tanzania zilijengwa juu ya kipimo kiitwacho Arc 1960, wakati simu na mashine za setilaiti hutumia kipimo kingine. Mahali pale pale, nambari za kipimo kimoja na za kingine hupishana kwa karibu mita 300 upande wa kaskazini na kusini. Zaidi ya hayo, Uganda imekatwa na ikweta. Kaskazini ya ikweta wapimaji huanza kuhesabu na sifuri, na kusini yake ikweta huitwa mita 10,000,000 ili pasiwe na nambari za kutoa. Bikoni iliyo kilomita 2 kaskazini husomeka 2,000, na ya kilomita 2 kusini husomeka 9,998,000. Ukiunga michoro yake bila kusema, kompyuta itaziweka mbali kwa kilomita 9,996, nazo ni mwendo wa saa moja kwa miguu.

Sasa juu ya malipo. Tawi liliomba vitu vitatu: karatasi ya nambari iliyotumika kupiga vigingi, mchoro wa msingi wenye tarehe, na mchoro wa kiwanja wenye mshale wa kaskazini. Vilipowekwa mezani pamoja, ilionekana wazi kwamba vigingi vilifuata karatasi, na shimo lilifuata vigingi. Mwajiri hakubisha sana. Siku tatu za kwanza zililipwa mwisho wa mwezi, na siku za kufukia zililipwa mwezi uliofuata baada ya barua ya pili. Bila ile karatasi, lingekuwa neno la kibarua dhidi ya neno la mnyapara. Kwa hiyo mwakilishi wa wafanyakazi na aombe nakala siku vigingi vinapopigwa, si siku ya ugomvi.

Maswali ya kujadiliana katika tawi:

1. Kisima kiko mita 3 mashariki na mita 4 kaskazini ya kona, kwa kufuata jengo. Jengo limegeuzwa nyuzi 90, kaskazini yake ikielekea mashariki ya kweli. Chora kwenye karatasi ya miraba. Kisima kiko wapi kwa kaskazini ya kweli? Kiko mbali kiasi gani na pale ambapo kingechimbwa kama mgeuko ungesahauliwa?

2. Kwa nini tepu ya kutoka konani isingelionyesha kosa hilo?

3. Katika kiwanda au shamba lenu, nani anashika karatasi ya nambari za vigingi? Je, ina tarehe?

Majibu ya swali la kwanza na la pili yaletwe pamoja na mchoro. Swali la tatu lijibiwe kwa barua na katibu wa tawi.