Somo la Falaki: Nuru za Mushtari na Bahari ya Malindi



Mushtari mwaijua. Ni ile nyota kubwa, nyeupe, isiyometameta, ambayo zamu yake ikifika huonekana hapa Kisumu ikipanda mpaka karibu na utosi. Wapigao ramli huiita nyota ya saadi, na saadi hiyo huiuza. Ilimu ya falaki ina khabari nyingine, tena ya ajabu zaidi.

Jambo la kwanza: Mushtari si nyota, ni sayari, nayo ni kubwa kuliko sayari zote zizungukazo jua letu. Katika ncha zake mbili hung'ara nuru daima. Sehemu ya nuru hiyo haionekani kwa jicho, kwani ni eksirei, kama zile zitumiwazo hospitalini kuonyesha mfupa uliovunjika.

Jambo la pili: hewa ya dunia huzizuia eksirei za mbinguni zisitufikie, na hiyo ni rehema kwetu. Basi atakaye kuziona hana budi kuipeleka darubini nje ya hewa. Setilaiti ya kwanza iliyofanywa makusudi kwa kazi hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, si kutoka Ulaya wala Marekani, bali kutoka jukwaa la Waitaliani la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi. Na ikweta hiyo hiyo yapita Maseno, jirani yetu.

Uhuru haikupelekwa kwa ajili ya Mushtari. Ilipekua mbingu nzima, ikaorodhesha asili 339 za eksirei. Lakini njia ilifunguka. Mwaka 1979 darubini ya Einstein ilizigundua eksirei za Mushtari, na mwaka 2000 darubini ya Chandra ikaona zikipiga kama mshipa wa damu, kila dakika 45 hivi.

Jambo la tatu: zatokana na nini? Julai 2017 darubini ya XMM-Newton iliikodolea Mushtari saa 26, huku chombo Juno kikiizunguka sayari yenyewe na kuipima sumaku yake. Jawabu lilitangazwa mwaka 2021. Io, mmoja wa miezi ya Mushtari, una volkeno zitoazo salfa na oksijeni. Chembe zake hunaswa na sumaku ya Mushtari, kisha huchukuliwa na mawimbi ya sumaku hiyo, kama mtumbwi wa Dunga uchukuliwavyo na wimbi, mpaka zikaiangukia hewa ya nchani kwa kishindo. Hapo ndipo eksirei hutoka. Safari ile zilipiga kila dakika 27, na mawimbi nayo yalikwenda kwa pigo hilo hilo.

Tazameni tofauti. Maneno ya mpiga ramli hayana kipimo; haya yalipimwa na vyombo viwili mbalimbali, vikaafikiana. Tena tukumbuke: jukwaa lilisimama katika bahari yetu, lakini darubini na hesabu zake zilitoka kwa wengine. Pesa tuzipelekazo kwa mpiga ramli zatosha kumnunulia mtoto kitabu cha hesabu.

Suali la darasa: kwa nini darubini ya eksirei haifai kuwekwa hata juu ya kilele cha Mlima Kenya?