Kimo Kifupi cha Kuzaliwa Si Laana, ni Badiliko la Jeni

Mtoto anapozaliwa na mikono na miguu mifupi na kichwa kikubwa kuliko kawaida, maneno hayakosi kijijini. Wapo wanaomnyooshea mama kidole, na wapo wanaotaja laana. Hata hivyo, aina ya kimo kifupi inayoonekana zaidi, akondroplasia, ina chanzo kinachojulikana tangu mwaka wa 1994: badiliko dogo katika jeni iitwayo FGFR3.

Mifupa hurefuka vipi?

Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna tabaka la gegedu, kitu laini kama kile kilicho kwenye sikio. Seli za gegedu hugawanyika, hujipanga kama sarafu zilizowekwa moja juu ya nyingine, hunenepa, kisha mfupa huchukua nafasi yake. Hivyo ndivyo mtoto anavyoongezeka kimo.

FGFR3 ni breki ya kazi hiyo. Jeni ikibadilika, breki hubaki imekanyagwa. Seli hazigawanyiki vya kutosha na mfupa haurefuki inavyofaa. Kwa kawaida, akili ya mtoto haiathiriki.

Katika aina nyingine, jeni iliyobadilika ni COMP. Hapo protini hukunjika vibaya, hurundikana ndani ya seli za gegedu, na seli hizo hufa kabla ya wakati.

Je, nani alaumiwe?

Hakuna. Takriban watoto 8 kati ya 10 wenye akondroplasia huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko hutokea upya, mara nyingi katika mbegu ya baba, bila yeyote kukosea. Mzazi mmoja akiwa na hali hii, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa mtoto kuirithi.

Mzazi afanye nini?

Mtoto apelekwe kliniki mapema. Tundu la chini ya fuvu, unapopita uti wa mgongo, huweza kuwa jembamba na kuubana. Akikoroma sana, akikatikiwa na pumzi usingizini au akilegea mwili, awahishwe hospitalini. Asilazimishwe kukaa kabla mgongo haujapata nguvu. Masikio yake yachunguzwe kila mara, kwani maambukizi yasiyotibiwa huweza kudhoofisha usikivu.

Zaidi ya yote, mtoto huyu asifichwe nyumbani. Apimwe, apate chanjo zote, na umri ukifika aandikishwe shule pamoja na wenzake.