Damu Inapotuama Chupani: Usawa wa Chembe katika Vipimo vya Mifereji Midogo

Sampuli ya damu inayochukuliwa asubuhi katika zahanati ya milimani, upande wa Chome au Vudee, huteremshwa kwa gari au pikipiki hadi maabara iliyoko Same mjini, na nyingine huendelea zaidi ya kilomita 100 hadi Hospitali ya KCMC, Moshi. Huko husubiri zamu yake ikiwa imesimamishwa kwenye kishikio. Katika kusubiri huko damu hujitenga: juu hubaki utegili, yaani plazma, wenye rangi ya manjano, na chini hurundikana chembe nyekundu. Mashine haina macho ya kuliona hilo. Hunyonya kiasi kidogo mahali sindano yake inapofika, kisha hutoa jibu kana kwamba kiasi hicho ni damu yote ya mgonjwa.

Chanzo cha kujitenga huko ni uzito. Mililita moja ya chembe nyekundu ina takriban gramu 1.1, ilhali mililita moja ya plazma ina takriban gramu 1.025. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha. Chembe moja iliyo peke yake huzama kwa mwendo wa karibu mikromita moja kwa sekunde, sawa na milimita tatu hadi nne kwa saa. Mwendo huo ungevumilika, kama chembe zingebaki moja moja.

Hazibaki hivyo kwa kila mtu. Katika ujauzito, kifua kikuu na maambukizi mengine, protini ya fibrinojeni huongezeka katika plazma na kuzifanya chembe nyekundu zishikamane kama sarafu zilizopangwa. Mafungu hayo huzama haraka kuliko chembe moja. Upungufu wa damu nao huongeza kasi, kwa kuwa chembe chache hazizuiani njiani. Hivyo damu ya mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, ambaye jibu lake linahitaji usahihi kuliko la mtu mwingine, ndiyo hutuama mapema zaidi kishikioni. (Damu ya mgonjwa wa selimundu huweza kuwa kinyume: chembe zilizojikunja kama mundu hazipangiki vizuri, nazo huzama polepole.)

Chukua mfano wa mama mwenye hemoglobini ya gramu 8.5 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiwango kilicho chini ya 11 katika miezi ya mwisho ya ujauzito kuwa upungufu wa damu, na kilicho chini ya 7 kuwa upungufu mkali. Sindano ikinyonya sehemu ya chini ya chupa iliyotuama, jibu laweza kusoma 12, na mama akarudi mlimani bila tiba, akisubiri kujifungua. Ikinyonya sehemu ya juu, jibu laweza kusoma 6, akapewa rufaa ya haraka au kuongezewa damu asiyoihitaji.

Pare si mahali pageni kwa vipimo hivi. Kati ya mwaka 1954 na 1959, Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta ulipulizia nyumba dawa ya dieldrini katika Pare Kusini na Taveta, na miongoni mwa mambo yaliyofuatiliwa ni hemoglobini ya wakazi, ambayo ilipanda malaria ilipopungua. Hitimisho kuhusu jamii nzima lilitegemea sampuli ndogo za damu.

Vifaa vya leo vimepunguza kiasi hicho zaidi. Kipimo cha mifereji midogo huipitisha damu katika njia nyembamba kuliko unywele. Baadhi ya vifaa vya kuhesabu seli za CD4 hutumia mikrolita 25 tu. Katika mfereji wenye kimo cha mikromita 50, chembe nyekundu hufika sakafuni kwa chini ya dakika moja damu ikisimama. Katika maabara za utafiti, wataalamu huweka kisumaku cha kukorogea ndani ya bomba la sindano, hulizungusha bomba polepole, au hufupisha mpira wa kuunganishia, kwa sababu mpira mrefu uliolala hugeuka kuwa shimo la mashapo. Wengine huongeza kimiminika kizito, kama iodiksanoli, ili chembe zielee. Njia hii ya mwisho inafaa utafiti. Haifai damu ya mgonjwa inayosubiri kuhesabiwa, kwa kuwa kuongeza kimiminika ni kubadili hesabu.

Kwa maabara ya wilaya dawa ni mkono. Chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau ijazwe hadi mstari wake, kisha ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo baada ya kutoa damu, ili isigande. Hata bonge dogo huziba mfereji. Ipinduliwe tena kabla tu ya kupimwa, hata kama ilichanganywa zahanatini. Mtikisiko wa barabara hauhesabiwi kuwa ni kuchanganya. Kutikisa kwa nguvu nako ni kosa, kwani hupasua chembe na kuleta mapovu. Mashine ya kuviringisha chupa ni nzuri, ila umeme ukikatika isiwe sababu ya kuacha kupindua.

Hapa pana mtego ambao hata wazoefu hunaswa nao. Maabara nyingi hukagua jibu kwa kuzidisha hemoglobini mara tatu na kulinganisha na asilimia ya ujazo wa chembe nyekundu. Ukaguzi huo hauwezi kufichua damu iliyotuama, maana vyote viwili hupanda au kushuka pamoja, na ukubwa wa wastani wa chembe haubadiliki. Kinachofichua ni kulinganisha na jibu la awali la mgonjwa huyohuyo, kisha kuchanganya upya na kupima mara ya pili.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anayeambiwa damu yake inatosha, huku viganja vimepauka, moyo ukienda mbio na pumzi ikikata anapopanda mlima aliouzoea, amweleze mhudumu dalili hizo na aombe kipimo kirudiwe. Damu ya kidole inayoingizwa kifaani mara moja haipati muda wa kutuama, na kwa kipimo cha hemoglobini inaweza kutoa jibu la kulinganisha mgonjwa akiwa bado kituoni.