Redio Iliyonyamaza Botini: Kutafuta Hitilafu Katika Saketi ya Umeme

Mada: Umeme Mkondo

Redio ya boti ya zamani inapozima, wengi hukimbilia kununua nyingine. Mara nyingi redio mpya nayo husumbua vilevile, kwa sababu hitilafu haikuwa ndani ya redio bali kwenye njia inayoipelekea umeme. Somo hili linakuonesha jinsi ya kuipata hitilafu hiyo kwa vipimo na hesabu, si kwa kubahatisha. Ukiielewa njia hii utaweza kujibu swali la saketi ya boti, gari, bodaboda au sola ya nyumbani.

Malengo. Baada ya somo hili uweze:
(a) kueleza njia ya mkondo katika saketi ya redio ya boti;
(b) kutumia V = IR na P = I²R kutafuta kiungo kibovu;
(c) kutaja tahadhari za usalama na sababu zake.

1. Njia ya mkondo

Boti nyingi ndogo za starehe hutumia betri ya volti 12. Mkondo hutoka ncha chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha redio, na kurudi ncha hasi. Vyote hivi vimeungwa kwa mfuatano, hivyo kiungo kimoja kikikatika redio huzima.

Katika gari, bodi ya chuma hutumika kama njia ya kurudishia mkondo. Boti ya fibaglasi haina njia hiyo, kwa kuwa fibaglasi ni kihami. Kila kifaa lazima kiwe na waya wa hasi unaorudi hadi kwenye betri. Mtu anayekagua waya wa chanya peke yake amekagua nusu tu ya saketi.

Redio nyingi zina nyaya tatu za umeme: wa njano hubeba umeme wa kudumu wa kutunza saa na stesheni, mwekundu hupitia swichi, na mweusi ni hasi. Jihadhari: katika baadhi ya boti, hasa zilizotengenezwa Marekani, waya wa njano wa boti ni hasi. Ukiunga njano kwa njano utakuwa umekosea. Usiamini rangi, pima kwanza.

2. Kwa nini boti ya zamani?

Hewa ya baharini ina unyevu na chumvi. Vitu hivi hushambulia shaba, nayo hufunikwa na tabaka la kijani au jeusi lisilopitisha umeme vizuri. Eneo la mgusano kati ya waya na kishikizo chake hupungua, na ukinzani huongezeka. Waya unaweza kuonekana mzima kwa nje huku umeoza ndani ya plastiki.

3. Usalama kwanza

- Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo. Fungua vifuniko hewa ipite kabla ya kugusa betri, maana cheche moja inaweza kuulipua.
- Unapotenganisha betri, anza na ncha hasi. Spana ikiteleza kutoka ncha chanya na kugusa injini, hakutakuwa na saketi kamili ya kuleta cheche.
- Usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi, wala kwa msumari au karatasi ya sigara. Fyuzi hulinda waya usipate joto la kuuchoma. Moto ukiwaka baharini, hakuna pa kukimbilia.

4. Hatua za kutafuta hitilafu

Hatua ya 1: Pima betri. Betri ya asidi iliyojaa na iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.0 au chini, ichaji kwanza.

Hatua ya 2: Pima fyuzi kwa multimita, si kwa macho. Ikiwa imeungua, tafuta kilichoiunguza kabla ya kuweka nyingine ya ampea zilezile.

Hatua ya 3: Pima volteji nyuma ya redio, kati ya waya mwekundu na mweusi, redio ikiwa imewashwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Redio ikiwa imezimwa, mkondo ni karibu na sifuri, hivyo hata kiungo kibovu hakipotezi volteji (V = IR; I ikiwa 0, V ni 0). Mita itasoma kana kwamba kila kitu ni kizima. Ni kama bomba lililoziba nusu: ukifunga koki, presha ni kamili, ukifungua, maji yanatoka kidogo.

Hatua ya 4: Redio ikiwa bado imewashwa, pima volteji inayopotea upande mmoja mmoja: kwanza kutoka ncha chanya ya betri hadi waya mwekundu wa redio, kisha kutoka ncha hasi hadi waya mweusi. Waya mzima hupoteza volteji ndogo sana. Upande unaosoma volteji kubwa ndio wenye hitilafu.

Hatua ya 5: Kama umeme unafika vizuri lakini hakuna sauti, tenganisha spika na upime ukinzani wake. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4 hivi. Mita ikionesha ukinzani usio na kikomo, koili imekatika. Ikionesha karibu na sifuri, kuna shoti. Kama muziki wa flashi unasikika lakini stesheni hazishiki, kagua antena na plagi yake.

5. Mfano uliotatuliwa

Redio ya boti hucheza kwa sauti ya chini, lakini huzima sauti ikiongezwa. Redio ikivuta mkondo wa ampea 2, betri inasoma 12.4 V na nyuma ya redio inasoma 9.4 V. Volteji inayopotea upande wa chanya ni 0.2 V. Tafuta (a) volteji inayopotea upande wa hasi, (b) ukinzani wa upande wa hasi, (c) nishati inayopotea hapo kila sekunde. (d) Eleza kwa nini redio huzima.

*Jibu*
(a) Jumla inayopotea = 12.4 − 9.4 = 3.0 V. Upande wa hasi = 3.0 − 0.2 = 2.8 V.
(b) R = V/I = 2.8/2 = 1.4 Ω.
(c) P = I²R = 2² × 1.4 = 5.6 W.
(d) Sauti ikiongezwa, mkondo huongezeka, na volteji inayopotea kwenye kiungo kibovu huongezeka pia. Inayobaki kwa redio haitoshi, hivyo inazima.

Angalia jibu la (c). Wati 5.6 zote hugeuka joto mahali padogo pa kiungo kimoja, na joto hilo linaweza kuyeyusha plastiki. Fyuzi haiwezi kukuokoa hapa, kwa kuwa mkondo haujazidi. Kununua redio mpya yenye sauti kubwa zaidi kungeongeza mkondo, na joto pia.

6. Ukarabati

Kata sehemu yote iliyoliwa mpaka ufikie shaba inayong'aa. Kama weusi unaendelea ndani, badilisha waya wote. Tumia waya wa shaba iliyopakwa bati, kwa kuwa bati huikinga shaba. Bana kishikizo kipya kwa koleo lake, kifunike kwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto, na ufunge waya usicheze boti inapotikiswa na mawimbi. Kisha rudia Hatua ya 4, maana kazi haijaisha mpaka mita iseme.

Katika boti za zamani, spika mbili huweza kuwa zimetumia waya mmoja wa hasi. Redio nyingi za sasa haziruhusu mpangilio huo na zinaweza kuungua. Kila spika ipewe nyaya zake mbili.

Mwisho, kumbuka somo la usumaku. Spika ina sumaku yenye nguvu. Ikifungwa karibu na dira, sindano hupotoka, na nahodha anaweza kushika njia isiyo yake bila kujua. Fanya ukaguzi huu: soma dira, sogeza spika, kisha isome tena.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini waya mmoja wa umeme hautoshi kwa redio ya boti ya fibaglasi? (alama 2)
2. Redio iliyozimwa huvuta mA 20 kutunza kumbukumbu. Boti ikikaa siku 30 bila kuchajiwa, ni ampea-saa ngapi zitatumika? Taja hatari moja kwa nahodha. (alama 4)
3. Waya wa shaba una urefu wa jumla wa m 10 na eneo la mkato la mm² 2.5. Ukinzani mahususi wa shaba ni 1.7 × 10⁻⁸ Ωm. Tafuta ukinzani wake na volteji inayopotea mkondo ukiwa 2 A. (alama 5)
4. Spika mbili za omu 4 zimeungwa sambamba. Tafuta ukinzani wa jumla. (alama 2)

Majibu

1. Fibaglasi ni kihami, hivyo mkondo hauna njia ya kurudi kwenye betri na saketi haikamiliki.
2. 0.02 A × 720 h = 14.4 Ah. Betri inaweza kukosa nguvu ya kuwasha injini.
3. R = ρL/A = (1.7 × 10⁻⁸ × 10)/(2.5 × 10⁻⁶) = 0.068 Ω; V = 2 × 0.068 = 0.136 V. Linganisha na 2.8 V za mfano wetu: waya mzima si tatizo, kiungo kibovu ndicho tatizo.
4. 1/R = 1/4 + 1/4, hivyo R = 2 Ω.